Mzigo wa Mkasi

Paukwa!

Pakawa!

Kalikuwako nini?

Tuambie wewe uliyekuwako.

Basi sogeeni, na aliye mlangoni aingie. Kalikuwako kijiji cha wasuka mikeka, nyumba zake zimebanana hata jirani akipiga chafya, wewe unamwombea afya kutoka kitandani kwako. Humo waliishi wanawake wawili, ukuta kwa ukuta. Mmoja akiitwa Mize, wa pili Mkasi.

Zamani waliazimana chumvi, waliazimana kaa la moto, waliazimana hata maneno ya kuwajibu wanaume. Kisha siku moja mbuzi wa Mkasi wakaingia uani kwa Mize, wakala ukindu wa mikeka aliokwisha kuutia rangi. Mize akasema neno. Mkasi akajibu mawili. Tangu siku hiyo hapakuwa na hodi wala karibu. Mmoja akitoka, mwingine anaingia.

Huyu Mkasi alikuwa mjane. Alihamia pale kwa ndoa, mume akafa, na kijiji kizima kilijua kwamba hana mtoto. Akaja akapata habari kuwa shangazi yake anaumwa huko bara. Akafunga mlango, akaenda kumwuguza. Mize hakuagwa.

Sasa sikilizeni. Mchana mmoja, jua la utosi, akaja mwanamke mgeni, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Kichwani ana mzigo umefungwa kwa kaniki na kushonwa pande zote. Si mkubwa, si mdogo. Si mzito, si mwepesi. Akauliza nyumba ya Mkasi, akaonyeshwa mlango uliofungwa.

Akaenda nyumba ya kwanza, akaomba wampokelee. Wakamwambia hawapokei kisichojulikana. Akaenda nyumba ya pili. Wakamwambia auweke mlangoni, mwenyewe akirudi atauokota. Akaenda nyumba ya tatu, akamkuta Mize anasuka ukili.

"Mama," akasema yule mgeni, "msafara wangu haungoji. Nimeapishwa mzigo huu ufike mkononi mwa Mkasi bila kufunguliwa. Cha ndani sikijui, na aliyenituma sikuonana naye, nimeupokea kwa watu."

Mize akautazama mzigo. Akautazama mlango wa Mkasi. Jamani, wewe ungepokea? Kitu usichokijua, cha mtu asiyekusalimu?

Mize naye alitaka kukataa. Lakini aliiona shingo ya yule mwanamke ikitetemeka kwa uchovu. Akanyoosha mikono, akaupokea. Mgeni akanywa maji, akaenda zake, wala hakuonekana tena.

Kijiji ni kijiji. Kabla chungu hakijachemka, habari zimefika kisimani.

Wa kwanza kuja walikuwa wanawake wenzake. Walimwambia hiyo ni sihiri, kwani nani amtumie zawadi mjane asiye na mtu? Wakamshauri autupe mtoni kabla haujamletea balaa nyumbani. Mize aliogopa, sikufichi. Usiku wa jana yake alikuwa amesikia kitu kikichakura chumbani, asijue ni panya au ni mzigo. Lakini akawajibu:

"Nilichopewa nimpe Mkasi, nitampa Mkasi."

Wa pili akaja Mbaruku, shemeji yake Mkasi, amevaa kanzu ya kwendea mjini. Akaketi, akasifia mikeka, akasifia maji ya mtungi. Kisha akasema ametumwa na Mkasi mwenyewe auchukue ule mzigo.

Mize akaendelea kusuka. "Vema, shemeji. Basi bila shaka amekupa lile neno. Mleta mzigo ameacha neno, na mjumbe wa Mkasi atalijua."

Mbaruku akakohoa. Akatazama dari. Akasema naam, neno amepewa, neno lenyewe ni "salama".

"Salama ni neno zuri," akasema Mize. "Ila mleta mzigo hakuacha neno lolote. Nilichopewa nimpe Mkasi, nitampa Mkasi."

Wanawake waliokuwa uani wakainamia kazi zao wasimcheke mtu mzima. Mbaruku akaondoka, na maji aliyoyasifia hakuyamaliza.

Na wa tatu? Wa tatu hakubisha hodi. Wa tatu alikuwa moyo wake mwenyewe.

Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi, paa likaanza kuvuja juu ya kitanda ulipowekwa ule mzigo. Moyo ukamwambia, fungua kidogo tu, utazame kama umelowa. Ni wema huo. Akashika uzi wa mshono. Akauvuta, ukalegea kidogo. Tena akakumbuka kwamba amewakatalia watu mara mbili kwa jambo hili hili. Akauachia uzi. Akatwaa mkeka wake mpya, aliousuka msimu mzima, akaufunika mzigo. Mkeka ukaharibika. Mzigo ukabaki mkavu.

Mkasi akarudi. Kisimani wakampa habari zote, na za kuongeza. Akaja moja kwa moja hadi kwa Mize, akasimama kizingitini.

"Nasikia una kitu changu."

Mize akamtolea. Mkasi akaupapasa mshono, upande huu na upande huu, akaukuta haujafumuliwa. Akageuka aende. Hakwenda. Alisimama pale na mzigo kifuani.

"Mize," akasema, "naogopa kuufungua peke yangu."

Wakaketi chini wote wawili. Wakafumua uzi. Ndani mlikuwa na udi, na ndani zaidi mlikuwa na kitambaa cheupe, kirefu, kimekunjwa vizuri. Mize akakitambua mara moja. Ulikuwa mkaja.

Wenzangu, mkaja ni kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni akishazaa. Na binti akiolewa, kwa bwana harusi hutolewa mkaja, na hupewa nani? Mama mzazi. Hapewi mwingine.

Ndipo Mkasi alipoeleza. Kabla ya kuja kijijini hapo aliolewa mbali, akazaa mtoto wa kike. Mtoto alipoacha ziwa, yeye akaachwa, na watu wa mume wakamzuia mtoto. Walimwapia kwamba binti akikua ataambiwa mama yake amekufa. Hakumsimulia mtu. Kila aliposikia watu wakisema hana mtoto, alinyamaza.

"Ameambiwa," akasema. "Mwanangu anaolewa, na ameambiwa nipo."

Machozi yakamdondoka, akainua mkaja usilowe. Mize hakusema pole, hakusema hongera. Hakujua lipi litangulie.

Mkasi akajipangusa. Akaushika mkaja ncha mbili, akauzungusha kiunoni, ncha zikamponyoka. Akajaribu tena. Mkaja haufungwi na mwenyewe, hufungwa na mwanamke mwenzako.

"Nifunge," akasema.

Mize akapiga magoti nyuma yake. Akazungusha, akazungusha tena.

"Nikaze?"

"Kaza."

Mize akakaza.

Hapo naitua hadithi yangu. Aliyeisikia aibebe, na aliyesinzia amwulize jirani yake.