Mbwa Aliyeuchunga Mkia Wake

Mbwa asiye na mbuzi huchunga mkia wake. Ndivyo alivyosema mama mwenye duka alipomwona mumewe, aliyestaafu kazi ya reli, akizihamisha kreti za soda kutoka ukuta huu hadi ule, kisha akizirudisha. Nyinyi mkacheka, halafu mkaniuliza ni mbwa gani huyo. Kaeni basi. Msemo huu nimeusikia sehemu nyingi, na watu wa kila sehemu hudai ni wao. Lakini mahali nilipoukuta na mizizi yake ni kwenye milima ya Taita, na huko wanasema ulianza hivi.

Palikuwa na mzee aitwaye Mwasaru, mwenye mbuzi wachache na mbwa mmoja, Nyapara. Jina lilimfaa. Asubuhi aliwatoa mbuzi zizini, jioni akawarudisha, na mbuzi aliyebaki nyuma kutafuna mihogo ya watu alizungukwa hadi akaona aibu na kurudi kundini. Mzee mwenyewe alitembea nyuma na fimbo yake, kwa heshima tu.

Kisha mwana wa mzee, Maghanga, akataka kuoa. Alimpata binti wa bonde la pili, Mkawasi, na mbuzi wote wakaenda kwa kina Mkawasi kuwa mahari. Nyapara alitaka kuwafuata, akafungwa kamba mpaka walipopotea machoni. Baada ya siku chache bibi harusi akaja, na wiki hiyohiyo mbwa akaanza vituko.

Jua likianza kushuka alikwenda mbele ya zizi tupu, akaugeukia mkia wake na kuufukuza. Alizunguka, akazunguka, vumbi likapanda, akasimama akiyumba kama mlevi, akaitazama njia, akaanza tena. Majirani walikuja kuangalia. Wengine walimpigia makofi, naye akazidi. Mzee akamfunga kwenye nguzo. Mbwa akaizunguka nguzo hadi kamba ikaisha na pua ikagusa mti, kisha akageuka na kuizunguka kwa upande mwingine.

Mzee alikuwa na dada, Wakesho. Binti zake wote walikuwa wameolewa, kwa hiyo alipata nafasi ya kupita nyumba hadi nyumba. "Mbwa alikuwa mzima," alisema kila alipoketi. "Bibi harusi kaingia, kichaa nacho kikaingia. Mimi simo, nasema tu."

Maneno hayo yakamfikia Mkawasi kisimani, na akajua yanakoelekea. Mbwa akiuawa kwa kichaa, yeye angeitwa mke aliyekuja na kichaa. Jina kama hilo halitoki kwa kufua. Hata watoto wake wangelirithi.

Aliporudi na maji akamkuta baba mkwe uani, ana upinde wa kuazima mapajani.

"Baba, huo upinde ni wa nini?"

"Mwanangu, mbwa mwenye kichaa atauma watoto wa watu. Sipendi, lakini nifanyeje?"

"Mwenye kichaa hanywi maji. Huyu kanywa mbele yangu mpaka karamba bakuli. Na hivi, huzunguka wakati gani?"

"Jioni. Si unamwona?"

"Asubuhi je?"

Mzee akafikiri. "Asubuhi pia, kidogo. Halafu analala."

"Huo ndio wakati wa kuwatoa mbuzi na wakati wa kuwarudisha. Mbuzi wa nyumba hii wako wapi, baba?"

"Unaniuliza mimi? Wako kwenu. Si ndio wewe umesimama hapo?"

"Basi mlitoa mahari mbuzi pamoja na kazi ya mbwa. Na yeye hakuna aliyemuuliza."

Mzee aliugeuza upinde, akautazama kama kitu asichokijua.

"Niruhusu kesho niende kwetu," Mkawasi akasema. "Nikirudi mikono mitupu, fanya unavyoona."

Kesho yake jioni alionekana akiteremka mlimani, na mbuzi mbele yake. Wakesho ndiye aliyemwona kwanza.

"Kaka, mahari imerudi. Si nilisema?"

Nanyi mnajua mahari ikirudi maana yake nini. Ndoa imekufa. Watu wakatoka majumbani. Maghanga akaliacha jembe shambani, akaja mbio na miguu ya matope.

"Mkawasi, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Baba yangu amesema malisho yake yamekauka, anaomba mmfugie hawa. Mbuzi ni wake, maziwa ni yenu."

"Na malisho yamekauka, nani alimwambia?" mzee akauliza.

"Mimi."

Mzee alijikohoza ili asicheke.

Wakati huo Nyapara alikuwa katikati ya mzunguko, mkia mdomoni. Mbuzi mmoja akalia. Mbwa akaganda hivyohivyo, sikio moja juu, kisha akauachia mkia taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Akapita mbali, akawatokea kwa nyuma. Mbuzi mmoja mkorofi alikuwa ameshaielekea mihogo ya watu, akazungukwa, akarudi. Wote wakaingia zizini, na Nyapara akalala mlangoni na kupumua kwa nguvu.

Siwadanganyi kwamba aliacha mara moja. Kwa muda mrefu alizunguka mara moja hivi kabla ya kulala, kama mtu anayejikuna palipokwisha kupona. Lakini hakuna aliyetaja kichaa tena, wala bibi harusi.

Jioni ile mzee alimgeukia dada yake, aliyekuwa bado anatafuta la kusema.

"Wakesho, mbwa asiye na mbuzi huchunga mkia wake. Nawe tangu watoto waolewe huna wa kumsimamia. Kesho asubuhi njoo, huyu mke wetu hajui bado mashamba yetu. Mfundishe."

Watu walimtazama Wakesho, wakidhani atawaka. Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Kaka, mimi nina mkia?" Lakini alfajiri alikuwa mlangoni kabla ya wenyeji kuamka, jembe begani, anauliza watu wa nyumba hii hulala mpaka saa ngapi.

Kwa hiyo mkimwona mtu anazunguka palepale, msikimbilie kumwita mwenda wazimu, wala msimpigie makofi. Ulizeni kwanza mbuzi wake walikwenda wapi. Mbwa asiye na mbuzi huchunga mkia wake.