Tezi Ndogo Kama Choroko

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, na aliye karibu na mama yake amshike mkono.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha milimani, Nangasu alikuwa na mkaza mwana jina lake Nakundwa. Alimpenda, msidhani hakumpenda. Nakundwa akajifungua binti, lakini damu ilimtoka, ikamtoka, ikamtoka, hata wakunga wakaanza kulia. Akanusurika. Maziwa hayakuja.

Watu wa kijiji kile waliamini kwamba maziwa yakigoma, mzazi ana kinyongo alichokifungia moyoni. Hupikiwa uji, na kabla ya kuunywa hukitaja.

Asubuhi ya kwanza Nangasu akaleta uji. "Mwanangu, taja kinyongo chako."

"Sina, mama. Nasikia baridi tu."

Mbuzi aliyefungwa mlangoni akasema, "Nangasu, shida haiko moyoni, iko kichwani."

"Tangu lini mbuzi akawa mkunga?" akajibu Nangasu.

Asubuhi ya pili akaleta uji. "Taja, mwanangu."

"Sina, mama. Nasikia baridi."

Mbuzi akasema, "Nyuma ya macho, chini ya ubongo, ipo tezi ndogo kama choroko. Hutuma matarishi mwilini: huyu alete maziwa, huyu joto, huyu nguvu. Damu ilipomwagika, tezi ilikosa damu, ikafa. Ng'ambo ya mlima yuko mganga mwenye dawa ya kushika kazi ya matarishi hao. Nenda leo."

Matarishi hao, wajuzi wa siku hizi huwaita homoni. Mbuzi hakusoma, lakini alijua. Nangasu akamtupia majani ili anyamaze.

Asubuhi ya tatu mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Nakundwa akamtazama, akaona heri aseme uongo kuliko mwanawe afe.

"Mama, ninacho. Nakuchukia wewe."

Maneno yale yalimchoma Nangasu. Akaweka bakuli chini, akatoka, asiingie tena chumbani siku saba. Mtoto akanyweshwa maziwa ya mbuzi, akapata uzima. Mama yake akazidi baridi, akazidi usingizi, akazidi kunyamaza.

Siku ya saba mbuzi akauliza, "Kinyongo amekwisha kukitaja. Maziwa yako wapi?"

Hapo ndipo Nangasu alipoelewa. Akambeba mtoto, akapanda mlima, akarudi na dawa jioni ile ile. Akamkuta Nakundwa amelala, mikono imepoa. Alimwita mara tatu. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na Nangasu alikuwa naye mgongoni.

Tangu siku ile, kila asubuhi, hupeleka uji kaburini. Kabla ya kuuweka chini huinama.

"Nakundwa mwanangu," husema, "kinyongo ninacho mimi. Ni juu yangu mwenyewe."

Hadithi yangu imeishia hapo, na uji ule bado unapoa.