Simu Iliita Ng'ambo ya Bonde

Haya niliyaona mwenyewe, na anayebisha aje anitazame usoni. Darasa la tano sikulimaliza, lakini macho yangu yalimaliza shule zote.

Mtu mmoja alikuwa na mdogo wake ng'ambo ya bonde. Yeye aliitwa Kiangi, mdogo wake Mbonea, na kwao ni kule Upare milimani, ambako nyumba ya mwenzako unaiona kama iko kiganjani, lakini kuifikia ni saa nzima ya kushuka na kupanda. Baba yao aliwaachia desturi moja. Alfajiri mkubwa husimama kizingitini na kuita, "Mbonea, umeamka?" Bonde la asubuhi hubeba hata kikohozi, na mdogo hujibu, "Nimeamka, kaka." Hapo ndipo Kiangi hunywa uji. Asipoitikiwa, huacha uji chunguni, huchukua fimbo na kushuka. Mwaka mmoja aliita mara tatu kukawa kimya. Akashuka, akamkuta Mbonea amezidiwa na homa, akambeba mgongoni mpaka zahanati. Safari hiyo aliisimulia hadi watu wakaanza kumkwepa njiani.

Kisha binti wa Mbonea akaja kutoka mjini na simu mbili za tochi, moja ya baba, moja ya baba mkubwa. Wazee wakafurahi. Koo la Kiangi lilikuwa limeanza kukauka, na ukungu wa kule unauma mifupa. Wakapatana kwamba Kiangi atabipu alfajiri akiwa kitandani, na Mbonea akiwa mzima aiache iite tu.

"Usipokee," Kiangi alimwambia. "Ukipokea nitajua kuna shida."

Wakacheka, wakajiona wameipiku dunia. Tangu hapo Kiangi alibipu, akasikia inaita, akanywa uji wake mlango ukiwa umefungwa. Krismasi ikapita hajavuka bonde. Njia aliyoikanyaga tangu utotoni ikaota magugu. Ukimuuliza habari za mdogo wake, alipigapiga mfuko wa shati na kusema, "Si huyu hapa."

Jumatatu moja jioni Mbonea alitundika koti lake kwenye mti wa kahawa, akashuka mteremkoni kukata majani ya ng'ombe. Akateleza. Nyonga ikavunjika. Koti lilibaki juu, yeye chini, na simu ilikuwa ndani ya koti.

Jumanne alfajiri simu iliita. Mbonea akageuza uso ng'ambo na kujibu kwa sauti yote iliyobaki, "Nimeanguka, kaka." Kule ng'ambo mlango ulikuwa umefungwa. Kiangi akakata simu, akanywa uji. Jumatano ikawa hivyo hivyo, ila jibu lilikuwa dogo zaidi. Alhamisi simu haikupatikana. Kiangi akasema chaji imekwisha, akanywa uji.

Ng'ombe wa Mbonea hakuwa na simu. Aliposhikwa na njaa alilia, akalia mpaka Naelijwa, jirani wa chini, akapanda kuangalia zizini. Akafuata nyasi zilizolala mteremkoni, akamkuta Mbonea amekwisha kupoa.

Siku ya maziko Naelijwa alimsogelea Kiangi, akamuuliza taratibu kama katika siku zote zile hakuhisi chochote. Kiangi akaitoa simu mfukoni, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayeonyesha cheti.

"Nilimbipu kila siku," akasema. "Hakupokea, nikajua mzima."

Waliokuwa na simu zao mikononi wakazirudisha mifukoni.

Alfajiri iliyofuata Kiangi alifungua mlango, akasimama kizingitini, akaita kwa koo lile lililokauka. Akangoja. Akaita tena. Mpaka jua linatoka alikuwa bado amesimama, na uji umeganda chunguni. Anafanya hivyo hadi leo, na majirani wamezoea.

Sasa nilisema niliyaona yote. Moja sikuliona. Kwamba Mbonea alijibu kutoka kule chini, hilo nimelitia mwenyewe, maana hakuna aliyemsikia. Lakini wewe unayemweka ndugu yako mfukoni na kufunga mlango, una hakika gani kwamba nimesema uongo?