Kiti cha Mzee Faki

"Nakshi haikaliwi." Jana mlimsikia mama yenu akimwambia fundi cherehani, mkacheka. Leo mnauliza ilikotoka. Haya, kaeni, wala msicheke tena, maana mwanzo wake ni msiba.

Methali hii ilianza kwa Fundi Kombo, mchongaji milango. Mlango wowote wa heshima hapa mjini ulipita mikononi mwake. Baba yake, Mzee Faki, alishikwa na pumu uzeeni. Kulala hawezi, akijinyoosha tu, pumzi zinamkatika. Akawa anashinda sakafuni, mgongo ukutani, na kusinzia anasinzia hapo hapo.

Kombo akaamua kumtengenezea kiti. Alimpima kwa uzi: muundi, paja, kiuno mpaka kisogo. Egemeo akalilaza kidogo ili kifua kifunguke, na pa kuwekea mikono akapafanya papana. Kwa siku sita mbao za mfenesi zilikuwa zimeshikana barabara, kikalio kimesukwa kwa kamba za usumba wa nazi.

Mkewe, Bi Mize, akafurahi. "Alhamdulillahi. Mpelekee baba akae."

"Bado nakshi."

"Nakshi za nini, Kombo? Mtu anataka kupumua!"

"Watu watasema nini? Milango ya wenzangu niijaze maua, baba yangu nimpe mbao tupu?"

Mzee Faki alisikia kutoka chumbani. Akasema kwa kuvuta pumzi, "Mwanangu, nipe hivyo hivyo. Nimechoka na ukuta."

"Siku mbili tu, baba. Utakalia kiti cha fahari."

Mbili zikawa nane. Sisemi kuwa Kombo hakumpenda babake, alimpenda mno. Lakini sifa nazo alizipenda. Siku ya tisa asubuhi, akiwa anapiga msasa ua la mwisho, alisikia Bi Mize akilia. Mzee alikuwa amekata roho pale pale ukutani.

Matangani watu walikaa majamvini. Kiti kilikuwa ukumbini, na kila aliyeingia alikikodolea macho. Jirani mmoja akashindwa kujizuia.

"Fundi, mkono wako umebarikiwa. Nakshi gani hizi!"

Kombo akakishika kile kikalio. Kamba zilikuwa zimekaza vile vile alivyozisuka, hakuna hata moja iliyolegea.

"Nakshi haikaliwi," alisema, akalia mbele za watu.