Spika Ambazo Tumpe Alikataa Kuuza

Ndugu msomaji, haya sikuhadithiwa. Yalinipata mimi mwenyewe, kwenye duka langu la redio na spika pale Mwanjelwa, Mbeya. Ukimaliza kusoma, mtumie mwenye duka yeyote unayemfahamu, na mwenye masikio yeyote. Nayaandika kwa shukrani, na kwa aibu kidogo.

Nilikuwa na muuzaji anaitwa Tumpe, binti mpole na mwaminifu, aliyekuwa amefanya kazi kwangu miezi saba. Kosa lake, kwa jinsi nilivyoona wakati ule, hakuwa na haraka na mteja. Mimi nimezaliwa na haraka. Kwangu mteja akiingia unamwekea wimbo wenye besi, unaongeza sauti mpaka vioo vya kabati vinatetemeka, mteja anatabasamu, anabeba sanduku lake. Biashara imeisha.

Siku moja akaingia Mwalimu Ambakisye, mzee mstaafu anayefundisha kwaya ya kanisa. Alikuwa ameshapita maduka mawili na hajaridhika. Alitaka spika za nyumbani zinazotoa vizuri sauti ya kwanza, ile nyembamba ya kina mama. Alieleza kuwa spika zake zimezeeka, kila akisikiliza mazoezi aliyorekodi, sauti ya kwanza haipo. Na waimbaji nao wamekuwa wavivu, wanaimba kwa kunong'ona. Akiwagombeza wanamshangaa. Sasa wazee wa kanisa wamemwambia kwamba mambo yasipotengemaa hadi Pasaka, kwaya atapewa mtu mwingine.

"Miaka thelathini na moja nimefundisha kwaya ile," akasema. "Wakininyang'anya sijui nitaamka asubuhi nifanye nini."

Nilimwonea huruma, kweli. Lakini nilikuwa pia na spika mbili ndefu, zimekaa juu ya kabati tangu mwaka uliopita hazijapata mtu. Nikamwashiria Tumpe azishushe.

Tumpe akachomeka flashi ya Mwalimu yenye mazoezi ya kwaya yake. Ulikuwa wimbo unaoanza na mama mmoja peke yake, anaimba ubeti mzima kabla wenzake hawajapokea. Jamani, yule mama aliimba! Fundi simu aliyekuwa barazani aliacha kazi yake akageuka kusikiliza.

Mwalimu akanigeukia. "Mbona haanzi?" akauliza. "Mmeusimamisha?"

Ubeti ulikuwa unakaribia kuisha.

Mimi, Mungu anisamehe, nikamfanyia Tumpe ishara aongeze sauti. Tumpe akazima. Akazunguka meza, akasimama mbele ya Mwalimu ili amwone mdomo, akasema taratibu:

"Mwalimu, sikuuzii spika. Nenda kwanza hospitali wakakuangalie masikio. Nenda leo."

Mzee alikasirika. Akauliza kama amekuja dukani kutukanwa, binti wa umri wa wajukuu wake anamwita kiziwi mbele za watu. Akachomoa flashi yake, akatoka bila kuaga.

Nami hasira zikanipanda. Nikamwambia Tumpe kwamba mimi nimefungua duka, sijafungua zahanati. Maneno mengine siyaandiki hapa, watoto wanasoma. Nikamwambia achukue mkoba wake asirudi tena. Akasema, "Sawa, bosi," akaenda.

Baada ya wiki tatu Mwalimu akarudi, amefuatana na mkewe. Nikajua wamekuja kunifanyia fujo. Kumbe mama yule amebeba jogoo kwapani, na wote wawili wanatabasamu.

Mwalimu alisimulia kwamba alikaa na hasira zake siku mbili, ya tatu akaenda hospitali. Wakakuta nta imeziba masikio yote mawili, na nyuma ya nta, sikio la kushoto lina usaha. Wakamsafisha, wakampa dawa. Daktari akamwambia kuwa angechelewa zaidi, hilo la kushoto lingekufa kabisa. Spika zake za nyumbani hazikuwa na ugonjwa wowote.

Mkewe akadakia, na huyo mama ana maneno. Alisema kwa miaka miwili amekuwa akipiga kelele ndani ya nyumba yake mpaka majirani wakadhani wanagombana, na sasa mume huyohuyo ndiye anayemwambia apunguze sauti. Tukacheka wote.

"Yuko wapi yule binti?" Mwalimu akauliza. "Jogoo huyu ni wake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikawaambia ukweli, kwamba nimemfukuza. Nilingoja wanishushue, lakini Mwalimu alisema tu, "Basi twende wote." Nikafunga duka saa tano asubuhi, mimi ambaye hata nikiumwa nafungua.

Tulimkuta Tumpe nyumbani kwao, uani, anafua. Akatukaribisha sebuleni, alikokuwa amekaa baba yake, mzee mnene mwenye sura ya ucheshi. Nikamwamkia, hakuitika. Nikarudia kwa nguvu, hakuitika. Tumpe akamgusa bega, ndipo akainua uso akatuona.

Nikamtazama vizuri yule mzee. Nilimjua. Alikuwa mteja wangu wa zamani. Alinunua spika kwangu mara tatu, kila akirudi anataka kubwa zaidi kwa sababu zile za kwanza hazisikiki. Nami kila mara nilimsifu kwa kuchagua vizuri. Zile za mwisho zilikuwa pale pale ukutani, nyuma ya kiti chake. Tumpe akatueleza kwamba alipokuja kwenda hospitali, masikio yote mawili yalikuwa yameshakufa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza Tumpe.

"Ningekuambia nini, bosi? Wewe hukujua. Hata mimi sikujua. Ile mara ya tatu tulikuja wote dukani kwako, na mimi ndiye niliyemwambia baba achukue kubwa."

Wala sikumkumbuka binti aliyekuja na mzee. Nilikumbuka spika tu. Machozi yalinitoka mbele za watu, na sioni haya kusema.

Mwalimu akamshika Tumpe mikono yote miwili, akamshukuru, akamwombea baraka. Akamwambia wazee wa kanisa wamemwachia kwaya yake, na sauti ya kwanza sasa anaisikia mpaka wanapovuta pumzi. Tumpe akapokea jogoo wake huku analia na kucheka. Mimi nikamwomba anisamehe, arudi kazini.

"Nitarudi, bosi. Lakini nikiona inafaa kukataa, nitakataa tena."

Nikamwambia akatae tu, mimi mwenyewe nitamfungulia mteja mlango aende hospitali.

Akabaki baba yake. Nikaomba kalamu na karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa: "Mzee, mimi ndiye niliyekuuzia spika hizi. Nilitakiwa nikwambie uende hospitali. Nisamehe."

Akasoma polepole, kidole kikifuata maneno. Akanitazama. Akageuka akaziangalia spika zake, kisha akacheka kicheko kikubwa kilichowafikia hata majirani.

"Nikusamehe nini, mwanangu?" akasema. "Spika ni nzuri mno! Hazijaharibika hata siku moja."

Funzo: Mshukuru mtu aliyekukatalia kitu kwa kukutakia mema, tena mshukuru mapema, kabla hujamfukuza.