Mizabibu Iliyoachiwa Majani kwa Ajili ya Wageni

Wapendwa katika Bwana, ninyi mnaolima zabibu mtanisahihisha nikikosea, maana leo nataka twende wote shambani.

Kulikuwa na mkulima mmoja wa zabibu na mke wake, katika kijiji kikavu cha huku kwetu Dodoma. Wageni wa nchi za mbali walipita kwenye barabara kuu wakienda kuona tembo na twiga. Pale kijijini hakusimama mtu, hata wa kuomba maji. Nani angedhani kwamba katika mchanga ule hutoka divai?

Basi habari ikaja kwamba mzee mmoja mgeni na mkewe wamesikia juu ya divai ya kijiji hicho, na watafika kuliona shamba. Mkulima alifurahi mpaka akashindwa kula. Akapaka nyumba chokaa. Akaazima viti kanisani.

Lakini ulikuwa ndio wakati wa kupogolea. Mnajua wenyewe: mzabibu hukatwa matawi mpaka ubaki kisiki na vijiti, kama kitu kilichokufa. Zabibu hutokea kwenye chipukizi jipya. Ukichelewa kukata utachelewa kuvuna, na wanunuzi watakuwa wameshafunga mizani wakaenda zao.

Mke akatoa mkasi. Mume akamzuia.

"Mama watoto, wageni waje waone vijiti? Acha majani, yamependeza."

"Majirani wanakata, baba. Sisi tutavuna lini?"

"Tutakata wakishaondoka."

"Na hao wageni watakula nini? Majani? Kwani ni mbuzi?"

"Watapiga picha! Wewe unajua nini mambo ya wageni?"

Mke akautundika mkasi ukutani. Majuma yakapita. Mashamba ya majirani yakaanza kuchipua. La kwao likazidi kuwa kijani, kijani tupu.

Wageni wakafika, pamoja na dereva aliyejua lugha yao. "Mbukwenyi!" kijiji kikawasalimu kwa Kigogo, na akina mama wakapiga vigelegele. Mzee akaonja divai, akafumba macho, akacheka peke yake, akanyoosha kikombe aongezewe. Kisha wakaenda shambani, mkulima mbele, kifua mbele. Njiani mgeni akawa anasimama kwenye kila shamba la jirani, akiinama kugusa machipukizi.

"Twende, mzee," mkulima akamvuta mkono. "Hivyo ni vijiti tu. Shamba ni langu mimi!"

Walipofika, mgeni akaingia katikati ya yale majani. Akayapanua kwa mikono, akatazama tawi hili, akatazama lile. Kisha akasema neno, dereva akalitafsiri.

"Anauliza, mkasi uko wapi?"

"Mwambie asijisumbue. Akitaka tawi la kumbukumbu nitamkatia mimi."

Mgeni akamwonyesha viganja vyake. Vilikuwa na sugu, sawasawa na vya mkulima.

"Anasema na yeye ni mkulima wa zabibu. Kwao mzabibu huzaa mara moja kwa mwaka. Wakasikia huku mnavuna mara mbili. Wamesafiri kuja kuona mnavyokata. Anauliza, ndugu yangu, kwa nini umesubiri?"

Wapendwa, wewe ungejibu nini?

Mkulima akainamisha kichwa. "Mwambie nilikuwa namsubiri yeye."

Mzee alicheka mpaka akashika kiuno. Mke alikuwa ameshakwenda mbio kuleta mkasi, na mingine kwa majirani. Mama mgeni akafungwa kanga kiunoni. Wakakata wote, wakiimba, yule mama akiitikia wimbo asioujua hata neno moja. "Mkimaliza leo," mzee akasema, "mavuno mtayawahi." Na kweli waliyawahi, kwa shida, siku za mwisho mwisho.

Na sisi je? Tunasema tunamsubiri Bwana, na kwa ajili yake tunatunza majani. Jumapili tunavaa vizuri, tunasalimiana kwa sauti nzuri. Nyumbani kuna mtu hatujasema naye tangu mwezi uliopita. Kuna uchungu unaotukausha mle ndani, na tunaufunika usionekane. Tunasema, nitasamehe baadaye, nitatubu baadaye, kwanza nionekane sawa.

Ndugu zangu, tunamficha nani? Yule tunayemsubiri ni mkulima! Vijiti havimtishi, amevishika maisha yake yote. Anajua kitakachotoka hapo.

Wewe mama uliyekaa nyuma kabisa, unayejiona umebaki kisiki, inua uso. Huko nyuma ulikokaa ndiko anakoanza kutafuta machipukizi. Na sisi wenye majani mengi, tufurahi pia, maana amefika, amekunja mikono ya shati, na jua bado halijazama.