Kitabu cha Gamelini wa Kwanza

Hapo zamani, katika nchi ya Waingereza, palikuwa na parokia ndogo iitwayo Hobstoni: kanisa moja, kaya arobaini, na uwanja wa malisho uliokuwa wa watu wote. Ng'ombe walikuwa wengi kuliko waumini, na pengine wasikivu zaidi.

Kabaila wa hapo, Bwana Gamelini, akautamani uwanja ule. Sheria ya nchi ilisema kuwa ardhi ni ya aliyetangulia kufika. Basi akamwita Tamsini, mjane fukara aliyefagia kanisa, ambaye alijifunza kusoma kwa kufuta vumbi kwenye mawe ya makaburi, na ambaye mali yake yote ilikuwa ng'ombe mmoja.

"Tamsini, niandikie historia ya parokia hii. Babu yangu mkuu, Gamelini wa Kwanza, alifika hapa kabla ya mtu yeyote, kabla ya kanisa, kabla ya kasisi. Likipungua neno moja, ng'ombe wako ataliwa jikoni kwangu. Hakimu anakuja Jumapili kuamua uwanja ni wa nani."

"Kabla ya mtu yeyote, bwana mkubwa?"

"Huna masikio?"

"Ninayo, bwana. Nimesikia vizuri sana."

Ikawa Jumapili, kanisa likajaa. Hakimu akaketi mbele, na kabaila ubavuni pake na kofia yake ya manyoya. Tamsini akafungua kitabu, akasoma:

"Hapo mwanzo alikuwapo Gamelini, peke yake. Akamleta mwanamke kutoka ng'ambo ya mto, wakakaa pamoja. Ndoa haikufungwa, kwa kuwa hapakuwa na kasisi wa kuifunga. Wakazaa mwana wa haramu, na kwake huyo ikatoka nasaba yote ya bwana wetu."

Huko nyuma mtu akakohoa, na hakikuwa kikohozi cha mafua.

Hakimu akamgeukia kabaila. "Mwana wa haramu harithi. Kama kitabu hiki ni cha kweli, hata jumba lako si lako."

"Mwanamke huyu ni mwongo," akasema kabaila.

"Ni maneno yako, bwana," akasema Tamsini. "Halikupungua hata moja."

"Babu yangu aliozeshwa kanisani humu. Mweke kasisi."

"Nitamweka. Lakini kasisi haji kuihubiria miti. Niwaweke na waumini?"

"Waweke."

"Kabla ya babu yako?"

Kabaila akaivua kofia yake. "Kabla yake."

"Na waumini hao, bwana mkubwa, ng'ombe wao walikula wapi?"

Gamelini akamtazama hakimu, akawatazama watu, kisha akaitazama kofia yake mkononi.

"Malishoni," akasema, kwa sauti ndogo.

Tamsini akachovya kalamu, akaliandika neno hilo kwa herufi kubwa, kama za kaburini.

Hakimu akacheka hata wigi likamshukia puani. Akakipiga kitabu muhuri, akatamka kuwa uwanja ni wa watu wote, akaamuru kitabu kisomwe kanisani kila mwaka, na kabaila aketi mbele asikilize.

Na ng'ombe wa Tamsini alikuwa huko nje, akila majani. Yeye hakuuliza nani alitangulia.